Bila Kupiga Simu

Nimelelewa Tanga, katika nyumba ambayo mgeni hutanguliwa na ufagio. Habari ikifika kwamba shangazi anakuja Jumamosi, tangu Alhamisi mama anafua mapazia, anashusha kabatini zile sahani tusizoruhusiwa kuzigusa, na sisi watoto tunatumwa nazi mara ya pili kwa sababu ya kwanza haikumridhisha. Hivyo ndivyo nilivyojua kupendwa: kuna mtu anakusubiri, na dalili za kukusubiri zinaonekana. Labda ndiyo maana zile siku za mwisho wa juma nilizokaa Uru, mlimani Kilimanjaro, mwezi wa Septemba, bado zinanirudia, nami sijamaliza kuzifikiri.

Rafiki yangu ni mpya. Tulifahamiana kazini nilipohamia Moshi, na urafiki wetu ulikuwa ungali wa kusalimiana asubuhi na kulipiana nauli. Ijumaa jioni akaniambia kesho anapanda nyumbani kwao, nikitaka twende. Nilimuuliza kama amewaarifu. “Hapana,” akasema, “nikipiga simu watahangaika.” Jibu hilo lilinigusa, nikaliona ni huruma ya mtoto kwa wazazi wake. Kesho yake tukanunua sukari, mkate na majani ya chai, tukapanda daladala.

Kufika kihambani, shamba linaloizunguka nyumba yao, ni kuingia kivulini. Juu kuna miti mirefu, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa magimbi pale udongo unapobaki na unyevu. Nyumba huioni mpaka umeikaribia. Tulimkuta mama yake akikatakata mgomba wa kumlisha ng'ombe. “Shikamoo mama,” nikasema. “Marahaba mwanangu, karibu,” akajibu, akanisogezea kigoda, akaendelea na kazi. Hakuuliza mimi ni nani. Alitaka kwanza kujua kama tumekula.

Taratibu nikaanza kuelewa kwa nini nyumba ile haitishwi na mgeni wa ghafla. Mgomba hauna msimu. Mahindi yana wakati wake, kahawa inamsubirisha mtu miezi, lakini katika migomba mingi hivyo hapakosi mkungu uliokomaa. Mtu anachukua panga, anazunguka nyuma ya nyumba, anarudi na chakula cha jioni. Shina hulishwa ng'ombe aliye bandani, na samadi ya ng'ombe inarudi kwenye migomba. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huu wa kihamba kule Shimbwe Juu, ndani ya Uru hiyohiyo, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Nafurahi kwa ajili yao, ingawa moyoni naona sehemu ya urithi huo haiandikiki: kuweza kumwambia mtu “karibu” bila kwanza kupiga hesabu ya kilichomo jikoni.

Jioni ile ilikuwa zamu yao ya maji. Mifongo ya mlimani, mifereji iliyochimbwa kwa mikono ili kuyatoa maji kwenye mito na kuyazungusha mpaka mashambani, ilikuwapo kabla Johannes Rebmann hajauona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na hadi leo kaya hupokezana maji kwa saa. Ukichelewa, saa yako imekwenda. Baba alikwishatangulia na jembe. Hakuna aliyebaki nyumbani kunipa kampani. Nilipewa mabuti, nikaonyeshwa mahali pa kuziba kwa tope na magome ya mgomba ili maji yageukie upande wetu. Maji yana zamu, mgeni hana. Kwetu ningekalishwa kwenye kiti kizuri karibu na feni. Pale nilisimama katika tope, giza likiingia, nikiitwa nilete hiki na niachie kile, na nilifurahi kuhesabiwa miongoni mwa mikono iliyopo.

Ningerudi mjini na wazo hilo peke yake, nadhani ningeamini kwamba maandalizi yote ya utotoni mwangu yalikuwa mzigo tu. Lakini Jumapili, baada ya misa, tulikaa uani tukimenya ndizi za mtori, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu, na mama akamwambia binti yake polepole, bila kulaumu: “Ungeniambia mnakuja, maziwa ya asubuhi nisingeyauza.” Kisha akachukua ndizi nyingine.

Tangu hapo sijui niiwekeje ile huruma ya Ijumaa. Ni kweli mama alipumzishwa mahangaiko, na mgongo wake si wa kubebeshwa zaidi. Uzito wa hiyo “karibu,” katika kila nyumba niijuayo, hubebwa na mwanamke. Lakini je, hakunyang'anywa kitu pia? Usiku mmoja wa kutuwaza kabla hatujafika; asubuhi ya kukamua na kutenga jagi moja, akisema moyoni haya ni ya wanangu. Nafikiria na mapazia ya mama yangu, ambaye siku hizi mimi humwambia kwenye simu, “Usijisumbue, nakuja mimi tu.” Sijawahi kumuuliza kama ule usumbufu alikuwa akiupenda.

Na bado, kila nikikaribia kuamua kwamba ni heri kupiga simu, nakumbuka yale mabuti. Mama wa rafiki yangu angejua tunakuja, asingeniruhusu kuukaribia mfongo. Ningekaa barazani na kikombe cha maziwa, nikisikia sauti zao kwa mbali. Ningependwa, bila shaka, lakini ningependwa nikiwa pembeni ya maisha yao.

Mwisho wa mwezi tunapanda tena. Nimemwomba rafiki yangu namba ya mama yake, amenipa. Nilichokifikiria mpaka sasa ni kumpigia mapema kuhusu maziwa, na papo hapo kumuuliza zamu ya maji inaangukia siku gani, ili ajue kwamba na hiyo nimeikusudia. Sijui kama atakubali vyote viwili.