Naandikia Watu Nilionao

Shakespeare nilimfahamu kupitia Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri tamthilia zake mbili kwa Kiswahili. Nilimwona kuwa mtu wa kujifungia chumbani na kipaji chake, nami nikatunga kwa mtindo huohuo: tamthilia ikamilike kwanza, ndipo nitafute vijana wa kuiigiza.

Kilichonigeuza ni historia ya kundi lake la waigizaji. Lord Chamberlain's Men liliundwa London mwaka 1594, na Shakespeare alikuwa mwigizaji na mwanahisa humo. Alipoandika, alijua ni nani atakayeyasema maneno yale. Katika chapa ya Romeo and Juliet ya 1599, kuna mahali palipopaswa kuwa na jina la mhusika pameandikwa jina la mwigizaji mwenyewe: Will Kemp, mchekeshaji aliyesifika kwa kucheza ngoma. Kemp alipoondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Robert Armin, mwimbaji mwenye ulimi mkali. Wachekeshaji wa Shakespeare nao wakabadilika. Feste wa Twelfth Night anaimba, na mzaha wake una hekima. Mwigizaji mwenzao, Richard Burbage, ndiye aliyebeba nafasi za Hamlet, Othello na Lear.

Kundi lilimwekea mtunzi mipaka pia. Wanawake hawakupanda jukwaani, hivyo Juliet aliigizwa na mvulana. Waigizaji walikuwa wachache na mmoja alishika nafasi kadhaa, kwa hiyo ilibidi onyesho lipangwe ili apate muda wa kubadili mavazi.

Siku hizi, kabla sijaandika neno, naorodhesha waliopo katika kikundi chetu cha mtaani na kila mmoja anachokiweza. Tuna mzee mmoja ambaye akikaa kimya ukumbi mzima humtazama yeye. Katika mchezo wetu wa sasa, hakimu alikuwa msemaji sana. Nilipompa mzee huyo nafasi hiyo, nilifuta karibu maneno yote. Sasa hakimu anamtazama tu mshtakiwa, mpaka mshtakiwa anaanza kujisemea mwenyewe. Peke yangu mezani nisingelipata wazo hilo.

Na mwigizaji akihama, simlazimishi anayekuja kumwiga aliyeondoka. Namsikiliza kwanza, kisha naiandika upya nafasi ile.