Dakika Nzima: Tuliyojifunza kwa Kuwafundisha Wahudumu wa Afya Kutoka Mbali

Tulipoombwa kusaidia kuandaa masomo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, masomo ambayo yangepelekwa kwa njia ya intaneti hadi kwenye simu zao vijijini, tulikubali upesi kuliko ilivyostahili. Sisi ni wakufunzi wa ualimu. Tumezoea maazimio ya kazi na maandalio ya masomo, na tulidhani ya kwamba aliyezoea kufundisha darasani hawezi kushindwa kufundisha kwa simu. Yaliyotupata yafaa kusimuliwa kwenu, ninyi mnaojiandaa kwenda kufundisha katika shule za msingi, kwa sababu kosa tulilolifanya halikuwa la utabibu. Lilikuwa la ufundishaji.

Somo lenyewe lilihusu nimonia ya watoto wadogo. Mhudumu wa kijijini hana mashine ya kumulika mapafu; ana macho yake, saa, na subira. Humwomba mama ampakate mtoto mpaka atulie, kwani mtoto anayelia huhema upesi hata akiwa mzima. Kisha hufunua nguo, hutazama kifua au tumbo likipanda na kushuka, na huhesabu kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, anahema haraka. Aliyetimiza mwaka mmoja lakini hajafikia miaka 5, kiwango chake ni mara 40. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 2 kiwango ni mara 60, na huyo akionekana kuugua hana budi kupelekwa kituoni bila kukawia.

Tuliyaandika hayo yote kwa Kiswahili chepesi, tukatia picha fupi za video, tukamaliza kwa maswali. Majibu yaliporudi tulifurahi mno, maana karibu kila mwanafunzi alipata yote. Wapo waliojibu saa tano za usiku, baada ya shamba na mapishi, pengine wakiwa wameazima simu ya mwana au ya jirani. Tulijipongeza.

Miezi michache baadaye tulikutana nao ana kwa ana katika zahanati moja. Mama mmoja, ambaye alikuwa miongoni mwa waliopata alama zote, alipewa mtoto wa miezi 7 amhesabu. Alimtuliza vizuri, akafunua nguo kwa heshima, akatazama saa, na baada ya muda mfupi akatamka, "Arobaini na nane." Yaani hahemi haraka. Muuguzi wa zahanati akarudia kuhesabu: 53. Mtoto akapimwa upya na kuanzishiwa dawa siku ileile.

Tulimwuliza yule mama kwa upole amefikaje kwenye 48. Akasema amehesabu pumzi 12, akazidisha kwa nne. Tukamwuliza ni nani aliyemfundisha kuhesabu robo dakika. Akatutazama kwa mshangao, akajibu, "Si ninyi, walimu?" Akatoa simu, akatuonyesha.

Alikuwa mkweli. Ili kuwapunguzia gharama ya vifurushi, tulikuwa tumeikata video ikabaki sekunde 15. Chini yake tuliandika kwamba kuhesabu ni kwa dakika nzima, na swali la mtihani liliuliza hivyo hivyo, naye alilijibu sawasawa. Maandishi yalisema dakika; mfano uliotendwa mbele ya macho yake ulisema robo dakika. Aliyaandika maneno yetu na kuutenda mfano wetu. Tena hesabu ya robo ina hatari yake, kwa kuwa pumzi moja ikikupita huwa umepoteza nne, na mtoto mchanga hahemi kwa mwendo uliolingana kama mshale wa saa.

Jambo lililotuumiza ni kwamba darasani tungalimwona. Mwalimu anayezunguka kati ya madawati huona kalamu inaposita, husikia mnong'ono usio sahihi. Sisi tuliona alama tu.

Ndipo tulipokumbuka waliotutangulia. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 hapa Tanzania walijifunza afya kwa redio na vitabu vidogo. Hawakuachwa peke yao na redio. Walikaa kikundi kikundi, wakasikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo, na asiyechimba alionekana. Vivyo hivyo, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, vijana wengi waliofunzwa ualimu kwa posta na redio walikuwa wakishika chaki huku wakiendelea na masomo, na wakufunzi waliwatembelea. Hatusemi kwamba mipango ile haikuwa na kasoro. Ilikuwa nazo nyingi. Lakini haikuona haya kumtuma mtu aende kumtazama mwanafunzi akitenda.

Tukaliandaa somo upya. Video sasa ni ya dakika nzima, haina maneno, na anayeitazama hana la kufanya ila kuhesabu. Wenzetu wa mitambo walilalamika kuwa ni nzito na inachosha. Tukawajibu kwamba kuhesabu pumzi nako kunachosha. Wahudumu wanaokaa jirani tuliwaweka wawili wawili, wahesabu mtoto mmoja kila mtu kivyake, kisha walinganishe. Mmoja aliyekuwa akipotea kila akipita thelathini alibuni njia: kila kumi, anahamisha punje ya mahindi kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto. Alisema alifundishwa hivyo darasa la kwanza. Mwalimu wake, popote alipo, hajui alichokifanya.

Maswali hatukuyaacha, ila tuliyapunguzia uzito. Badala yake kila mhudumu hutuletea kwa simu sauti ya dakika moja ya zoezi, kwa ridhaa ya mama na pasipo kutaja jina la mtoto, kisha mkufunzi humpigia wazungumze. Ni kazi kubwa. Mkufunzi mmoja hamudu wanafunzi wengi kwa njia hii, nasi tumewaeleza hivyo waliotutaka tuandikishe mamia.

Sauti ya yule mama ilitufikia juma la tatu. Kuku waliwika, mtu alitwanga kwa mbali, na mwisho akasema, "Thelathini na nane. Ana mwaka na nusu." Kwa kuwa idadi ilikuwa karibu na kiwango, tulimpigia kumwomba ahesabu tena. Akacheka. Alikuwa amekwisha kuhesabu mara mbili kabla ya kutuletea.