Kete 21

Alhamisi, 9 Januari 2025

Kaskazi imeshika, na joto la Mji Mkongwe halipungui hata baada ya magharibi. Vijana wa darasa langu la programu wameanza na swali la kwanza la Project Euler, mtandao wa maswali uliopo tangu 2001: jumlisha namba zote chini ya 1000 zinazogawanyika kwa 3 au kwa 5. Kijana wa Makunduchi alimaliza kabla ya wenzake. Alijumlisha vigawe vya 3, akajumlisha vya 5, akaviunganisha: 266333. Akakataliwa. Jibu ni 233168.

Kilichomkera ni kwamba mfano uliotolewa ulikuwa umekubali. Chini ya 10 jumla ni 23, na programu yake ilitoa 23. Nilimwambia aache kibodi, achukue kalamu, afanye chini ya 20. Kwa mkono akapata 78. Programu ikatoa 93. Akaitazama ile tofauti ya 15 kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, 15 nimeihesabu mara mbili." Mfano wa 10 usingemwonesha kamwe, maana 15 haimo ndani yake. Hili nataka walishike kuliko lupu na orodha zote: mfano uliopewa haukutoshi, tafuta wako, uwe mdogo kiasi cha kuhesabika kwa vidole na mkubwa kiasi cha kufichua kosa.

Jumanne, 14 Januari

Swali lile lile liko Codewars, mtandao mwingine wa mazoezi ya programu, na pale mashine huonesha jaribio lipi limeanguka, ilitarajia nini na imepewa nini. Kwa anayeanza hiyo ni rehema. Pia kuna sheria ninayoipenda: ukifungua majibu ya wengine kabla hujatatua, pointi za swali hilo huzipati tena. Siku hizi kijana anaweza kulibandika swali kwenye roboti la mazungumzo akapewa msimbo uliokamilika. Majaribio yote yatapita, na yeye atabaki pale pale alipokuwa. Kusoma suluhisho la mwenzako ni elimu kubwa, lakini baada ya kuhangaika, wakati tayari unajua ugumu ulikuwa wapi.

Jumamosi, 18 Januari

Leo nimewatungia swali la hapa hapa. Chukua upande mmoja wa bao, mashimo 16 kwa mzunguko, yape namba 0 hadi 15, kila shimo kete 2. Anza shimo 0: zoa kete zake uzipande moja moja kwenye mashimo yanayofuata, upande mmoja tu, bila kula. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, zoa zote uendelee. Ikiangukia tupu, umelala. Utalala shimo gani?

Binti wa Jang'ombe alikataa kuandika chochote kabla ya kuichora karatasini. Unazoa 2, kisha 3 mara tano, kisha 4, na kete ya 21 inalala. Gawanya 21 kwa 16, baki ni 5: shimo namba 5. Alipoona kwamba baki ndiyo inayomrudisha mwanzo wa mzunguko, mistari ya msimbo haikuzidi kumi.

Jioni nilipita barazani Soko Muhogo, nikamwamkia mzee mmoja, nikaomba nipange kete vile vile. Hakugusa hata moja. "Italala hapa, mwanangu," akasema, kidole juu ya shimo lenyewe. Alexander de Voogt aliandika tasnifu yake ya 1995 kuhusu umahiri wa mabingwa wa bao wa hapa Unguja, na ukikaa na wazee hawa huulizi kwa nini.

Ijumaa, 24 Januari

Leo tumepanda kete kinyume, kurudi nyuma kutoka shimo 0, na darasa likagawanyika. Waliotumia Python walipita. Wa JavaScript walianguka kwenye jaribio la kwanza. Sababu: baki ya -1 kwa 16 katika Python ni 15, katika JavaScript ni -1, na shimo namba -1 halipo. Dawa ni kuongeza 16 kabla ya kutafuta baki. Hakuna mhadhara wangu ambao ungewakaa kichwani kama jaribio lile jekundu.

Jumapili, 2 Februari

Binti wa Jang'ombe ameuliza: je, mtu anaweza kupanda asilale milele? Ni swali zito, na limejibiwa: mwaka 2006 watafiti walichapisha makala kuhusu miendo ya bao isiyokoma. Kwa hiyo programu yake lazima ikumbuke mipango iliyokwisha kuiona. Mpango ukijirudia, isimame. Ameyafikiria hayo mwenyewe, bila kuulizwa na mtandao wowote.

Nimeamua. Kuanzia wiki ijayo hakuna atakayefungua kompyuta darasani kwangu kabla ya kunionesha mfano wake mdogo aliouhesabu kwa mkono. Maswali yatakuwa machache kwa wiki, na vyeo vya Codewars vitapanda polepole. Na viwe hivyo.