Taa Mpya, Hesabu ya Zamani: Safari ya Migori na Homa Bay



Ndugu wasomaji, hivi karibuni nilijaaliwa kusafiri kutoka Mombasa hadi nchi ya Ziwa Viktoria, kwa mwaliko wa rafiki yangu niliyesoma naye madrasa ujanani. Yeye sasa anafundisha watoto Qur'ani huko Muhuru, katika kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Sisi watu wa pwani hudhani kwamba habari za vyombo na nyavu ni zetu peke yetu. Nami nilikwenda na dhana hiyo, nikarudi nimeiacha huko.

Nilifika Migori asubuhi, nikapanda matatu hadi Muhuru. Ziwa hilo, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Maji yake ni baridi, wala hayana chumvi. Nilipouliza habari za kupwa na kujaa, kijana mmoja alinitazama kwa mshangao. Kwao hakuna bamvua wala maji mafu. Hata hivyo mwezi ndio kalenda yao, na sababu yake niliijua usiku ule ule.

Baada ya sala ya Isha mwenyeji wangu alinichukua hadi nyuma ya nyumba. Mwezi ulikuwa umebakisha siku chache kuandama, na giza lilikuwa zito. Mbele yetu, juu ya maji, palikuwa na taa nyingi mno hata nikadhani ni mji wa ng'ambo. "Si mji huo, Sheikh," akaniambia. "Hao ni wavuvi wa omena."

Omena ndiye dagaa wa Watanzania na mukene wa Waganda: samaki mdogo, mweupe kama fedha, asiyezidi urefu wa kidole. Wavuvi huweka taa juu ya vyelezo vidogo na kuziacha zielee. Wadudu hukusanyika kwenye mwanga, na omena huwafuata. Baada ya saa kadhaa mashua husogea polepole, nyavu ikazungushwa na kuvutwa. Mwezi unapong'aa, mwanga wa taa hauna nguvu tena, samaki hutawanyika, na wavuvi hupumzika. Nikamwambia mwenzangu kwamba zile siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15, ambazo sisi huzifunga kwa sunna, ndizo siku ambazo ziwa lake hulala. Akacheka, akasema, "Ndizo pia siku ambazo mkoba wa mke wangu huwa mtupu." Maana mkewe ni mchuuzi wa omena.

Kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai, kama zilivyo kwetu katika uvuvi wa dagaa. Kila aliyewahi kuishi na karabai anazijua taabu zake. Hupigwa pampu, hunywa mafuta ya taa usiku kucha, na tone la mvua likiangukia kioo cha moto hupasuka. Mafuta yakimwagika ndani ya mashua, chakula na nguo hunuka, na moto ukishika hakuna pa kukimbilia. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alituusia tuzime taa kabla ya kulala, kwa kuhofia panya asije akauvuta utambi na kuwaunguza wenye nyumba. Basi vipi kwa watu ambao kazi yao ni kukaa na moto juu ya maji mpaka alfajiri?

Sasa karabai zinapungua. Mahali pake pamechukuliwa na taa za LED zinazotumia betri. Taa hizi hazina utambi wala mafuta, haziungui mkono, na upepo hauzizimi. Umeme mchache hutoa mwanga mwingi, kwa hiyo betri ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba hutosha usiku mzima. Zina masharti yake: kisanduku kifungwe vizuri maji yasiingie, mwanga uelekezwe pande zote kama ulivyokuwa wa karabai, na betri isiachwe ikauke kabisa, kwani hiyo huipunguzia umri. Na betri iliyokufa isitupwe ziwani wala uani wanapocheza watoto, kwa sababu baadhi zina risasi, ambayo ni sumu.

Alfajiri, baada ya sala, tulishuka bichi, kama wanavyoita wenyewe mahali mashua zinapofikia. Wanawake walikwisha kufika zamani na ndoo zao. Omena hununuliwa mbichi, hutandazwa juu ya nyavu kuukuu, na jua likiwa kali hukauka siku hiyo hiyo. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huwa chakula cha kuku kwa bei ya hasara. Wakikauka vizuri hupimwa kwa gorogoro na kupelekwa masoko ya mbali.

Ndipo nilipoyasikia maneno yaliyonifanya niandike makala haya. Mke wa mwenyeji wangu ana mdogo wake anayefanya kazi ya ubaharia katika mashua ya mtu mwingine. Desturi yao ni kwamba samaki wakishauzwa, mwenye chombo hutoa kwanza gharama za usiku, kisha kinachobaki hugawanywa baina yake na mabaharia. Zamani gharama kubwa ilikuwa mafuta ya taa. Mwenye chombo alinunua taa za betri mwaka uliopita, lakini kila asubuhi bado anakata fedha ile ile, na bado anaiita "ya mafuta."

"Sheikh," yule mama akaniambia, "taa ni mpya, lakini hesabu ni ya zamani. Nyumbani kwa mdogo wangu hakuna aliyeuona mwanga huo."

Nilimwomba mwenyeji wangu anikutanishe na mwenye chombo. Alikuja kwa adabu, na maneno yake yalikuwa na uzito. Alisema taa na betri amezinunua kwa fedha zake, nyingine za mkopo. Betri itakufa baada ya miaka michache, naye ndiye atakayenunua nyingine. Kama hakati kitu, atazilipaje? Nikaona kila upande una haki yake, na kosa limekaa katikati: hakuna aliyejua taa ziligharimu kiasi gani, wala makato yatakoma lini.

Sikutoa jibu siku ile. Niliendelea na safari kupitia Sori na Sindo mpaka Mbita, katika kaunti ya Homa Bay, mkabala na kisiwa cha Rusinga. Hapo Mbita ndipo kampuni ya Kijerumani ya OSRAM ilipofungua, mwaka 2008, kituo cha kuchaji kwa nguvu za jua na kuwakodisha wavuvi taa na betri. Mradi wenyewe uliitwa Umeme kwa Wote. Mzee mmoja aliyepata kukodi taa za namna hiyo alinieleza: unaweka amana, unachukua betri iliyojaa jioni, unairudisha asubuhi, unalipa ada. "Kila baharia aliijua ada," akasema. "Hatukugombana juu ya taa. Tuligombana juu ya mambo mengine."

Jibu nililipata katika maneno ya mzee huyo. Katika fiqhi, mwenye mali akiikodisha, ujira wake sharti ujulikane. Akiiingiza katika ushirika, fungu lake lijulikane. Mwenye chombo achague moja: ama taa ziwe na ujira wa kila usiku uliotajwa wazi, ama ziongeze fungu lake katika mgawo. Si haki kuchukua yote mawili, wala kukata kwa jina la mafuta ambayo hayakununuliwa. Na Mola wetu ametuamrisha katika Suratul Baqarah tuyaandike madeni, yawe madogo au makubwa.

Nilimpigia simu mwenyeji wangu nikiwa Kendu Bay, mji wenye Waislamu wa tangu enzi za wazee wetu, baada ya kusali nao Ijumaa. Juma lililofuata akanijibu. Mwenye chombo amekubali bei ya taa iandikwe katika daftari, na binti mmoja wa shule ya upili ndiye anayeandika kila asubuhi mbele ya wote. Kiasi cha ujira bado wanavutana. Lakini neno "mafuta" limekwisha kufutwa.

Dada zangu na mama zangu, nanyi mna waume na wana wanaovua kwa taa, na wengi wao watabadilisha karabai zao hivi karibuni, inshaallah. Siku taa mpya inapoingia chomboni, ulizeni kwa upole: imegharimu kiasi gani, inalipwa na nani, na kwa muda gani? Nanyi mna haki katika jibu lake, kwa kuwa riziki inayotoka katika mwanga ule ndiyo inayowalisha watoto wenu.

Wabillahi tawfiq.