Sinema ya Nyumbani Huchaguliwa kwa Waliokaa Sebuleni

Kiwira, Rungwe
Masika

Mpwa wangu mpendwa,

Huku mvua haitupi nafasi: chai inachumwa kwenye matope na ndizi zimelundikwa barabarani zikingoja gari. Nimepata ujumbe wako kwamba mmenunua televisheni kubwa, nawe unataka nikuorodheshee sinema nzuri za kutazama nyumbani msimu huu. Ningekujibu kwa simu, lakini maneno ya simu hayakai, na jambo uliloniuliza ndilo lililonilisha miaka mingi. Kaa usome taratibu.

Unajua nilikuwa na banda la video karibu na stendi ya Tukuyu, enzi za deki na mikanda, hilo ambalo siku hizi mnaliita kibanda umiza. Kabla hujaiona orodha yangu, shika jambo moja nililojifunza mle ndani. Usianze kwa kuuliza kama sinema ni nzuri. Uliza ni nani watakaa kuitazama. Sinema nzuri ikiwekwa mbele ya watu wasioweza kuifuata inawapotezea usiku wao bure.

Bandani nilitambua kwamba mkanda umewashinda watu kwa swali moja tu: "Kasemaje?" Kijana wa benchi la nyuma akimwuliza mwenzake mara ya kwanza, anajibiwa vizuri. Mara ya pili anajibiwa kwa mkato. Mara ya tatu hasemi kitu, na akishanyamaza huyo ameshatoka, hata kama kiti bado amekikalia. Ndiyo maana mikanda iliyojaza watu ilikuwa ile yenye sauti ya Lufufu. Jina lake Derek Mukandala, wa Dar es Salaam. Alikuwa anachukua sinema ya Wazungu, ya Wahindi au ya Wachina na kuisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe: anatafsiri, anaeleza, anachomeka utani, anawaambia watu stelingi anawaza nini na adui kajificha wapi. Waganda nao wanao wasimulizi wao, na Kenya wana DJ Afro. Wapo waliosema kazi ile inaharibu sinema. Mimi niliyekuwa mlangoni nikipokea viingilio sikuona kilichoharibika.

Sasa igeukie sebule yako. Mama mkwe wako alipitia madarasa ya kisomo baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Biblia yake anaisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari neno kwa neno. Lakini yale maandishi yanayopita chini ya skrini hayamngoji. Kabla kidole hakijafika neno la tatu, mstari umeshaondoka. Mkubwa wako yuko darasa la tano, yuko karibu na bibi yake kuliko unavyodhani. Ukiweka sinema ya Kiingereza ukanyamaza, bibi na mjukuu wake umewaacha njiani.

Anza na Supa Modo, sinema ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Binti wa miaka tisa, Jo, ana ugonjwa usiotarajiwa kupona, na roho yake yote iko kwenye sinema za mashujaa. Dada yake anawashawishi wanakijiji wamfanye mtoto aamini kwamba naye ana nguvu hizo, na mwishowe kijiji kinaamua kumtengenezea sinema ambayo yeye ndiye stelingi. Humo utamkuta pia kijana mwenye banda la video anayewasimulia watazamaji wake. Nilipomwona nilicheka peke yangu. Haifiki saa moja na nusu, kwa hiyo wadogo hawatasinzia. Kiswahili chake ni cha Kenya, kimechanganywa, lakini watoto wataudaka mkondo kabla yako. Watakuuliza habari za kifo. Usiwafukuze kwa kuwaambia wakalale. Msibani tunakwenda nao na maturubai wanayaona, basi wajibu kama wanavyouliza.

Ya pili iwe ya mama mkwe: The First Grader, ya mwaka 2010. Inasimulia habari za kweli za Kimani Maruge, mzee wa Kenya aliyejiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali yao kufuta ada ya shule ya msingi. Alikuwa mpiganaji wa Mau Mau. Kwenye sinema amepata barua kutoka Ikulu, naye anataka aisome kwa macho yake, asisomewe. Hii sehemu kubwa ni Kiingereza, kwa hiyo hapa wewe ndiye Lufufu. Shika rimoti. Mama akiuliza "kasemaje", simamisha, mweleze, kisha endelea. Kuuliza si ujinga, na kusimamisha sinema si kuwakera wengine. Mumeo atalalamika mara ya kwanza. Akianza kumsikia mama yake akisimulia ya kwake, jinsi walivyofundishwa kuandika majina yao, atanyamaza mwenyewe. Ila kuna vipande vya mateso ya wakoloni, vikali kweli, kwa hiyo mdogo awe amelala.

Za siku za kazi, mkiwa mmechoka, tafuteni tamthilia ya Siri ya Mtungi, iliyoanza mwaka 2012. Imepigwa Bagamoyo, ile ya Pwani, si kata yenu ya jina hilo hapo mjini Tukuyu. Kuna Cheche mpiga picha, kuna ndoa yake, kuna ukoo mzima na siri zake. Waliitengeneza ili watu wazungumze habari za uzazi wa mpango na Ukimwi, lakini haihubiri. Inapiga umbea kama barazani, nawe utashtuka umefunzwa. Kiswahili chake hakimwachi mtu. Sehemu moja kwa usiku inatosha. Mkizifululiza hadi saa nane, kesho yake hamtakumbuka nani kamkosea nani.

Na msidharau Bongo muvi. Najua wasomi wa siku hizi mnaziona za kijinga. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 alikuwa na miaka 28 tu, na machozi yaliyomwagika hapa kwetu yalikuwa ya watu ambao hawajawahi kufika Dar es Salaam. Walimlilia kwa sababu aliwazungumzia wao. Watafutieni watoto sinema yake ya Uncle JJ wacheke. Mtafuteni na mchekeshaji mzee Majuto, aliyetutoka mwaka 2018, lakini kipande chake kitazame kwanza mwenyewe, maana mzee yule alikuwa na ulimi. Bodi ya Filamu hupanga sinema kwa umri, nawe uangalie daraja hilo, ila bodi haimjui mkweo.

Hapo nifike kwa baba mkwe wako anapokuja kutoka Masoko. Zamani kwetu Wanyakyusa mkamwana hakukutana na baba mkwe uso kwa uso. Akisikia anakuja aliacha njia, akapita migombani. Leo mnasalimiana na kula nyumba moja, na ni vizuri, lakini heshima ile haijafutika. Sinema ikileta watu wanaobusiana huku mzee yuko kwenye kiti na wewe uko mlangoni na birika, hakuna rimoti itakayokuwa na kasi ya kutosha. Usimweke mzee wa watu mahali hapo, wala usijiweke.

Siku yake mtafutie The Empty Grave, ya mwaka 2024, ya Cece Mlay wa kwetu na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani. Ni ya kweli tupu, haikuigizwa. Familia mbili, moja ya Nduna Songea Mbano na nyingine ya Mangi Lobulu wa Meru, zinatafuta mabaki ya wazee wao walionyongwa na Wajerumani, mabaki ambayo yalipelekwa Ulaya. Humo kinazungumzwa Kiswahili cha watu wazima. Mzee atakaa wima. Yeye anajua mji wetu uliitwa Neu Langenburg, na boma la Wajerumani hapo Tukuyu amelipita maisha yake yote. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani alikwenda Songea kuomba msamaha, na mzee atakuwa na maoni juu ya msamaha huo. Mpeni nafasi ayaseme. Na akiongeza, kama kawaida yake, kwamba kuigiza ni kazi ya wahuni, mwambie kwa adabu kuwa Rashidi Kawawa aliigiza kwenye Muhogo Mchungu miaka ya 1950, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu.

Mumeo na wewe mkibaki wawili, tazameni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyooneshwa Toronto mwaka 2021. Kitabu cha Adam Shafi ulikisoma sekondari, kwa hiyo Yasmini na Denge si wageni kwako. Unguja ile ya miaka ya 1950, siasa na mapenzi vimesukwa pamoja, na Kiswahili chake kinanoga. Kwa shemeji yako anayeota Marekani kila siku, mwekee Bongoland ya Josiah Kibira, ya mwaka 2003, aone Mtanzania anavyohangaika Minnesota. Usimhubirie. Mwekee tu. Maangamizi, ya mwaka 2001, iliyopelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar, iache hadi ukiwa na usiku mtulivu. Ina mama aliyenyamaza miaka mingi kwa yaliyompata, nayo inamtaka mtu aliye tayari.

Kuhusu mahali pa kuzipata: hao wa kujaza flashi hapo mjini watakupa kila kitu kwa bei ya maandazi, na nusu yake ni wizi. Iliyopo bure kwa idhini ya wenyewe itazameni bure. Inayouzwa, nunueni. Mimi niliishi kwa viingilio, najua sinema isiyolipwa haizai nyingine.

Na umeme ukikatika katikati, kama ujuavyo mvua zetu, msikimbilie simu kila mtu na kona yake. Mwambie wa darasa la tano aimalizie hadithi anavyodhani yeye, kisha bibi aimalizie anavyodhani yeye. Umeme ukirudi mtajua nani alikuwa anafuata na nani uliyemwacha nyuma. Huyo aliyeachwa mchagulieni siku inayofuata: sinema iwe yake.

Jumamosi hii basi ni Supa Modo. Mama mkwe akae katikati, karibu na rimoti. Uniandikie aliuliza "kasemaje" mara ngapi, na mlimjibu vipi.



Wako,
Mjomba