Njia ya Lutindi

Tulipanda basi la asubuhi kutoka Tanga, mimi, shangazi na binamu yangu. Sikuwa nimewahi kukaa kiti kimoja na mtu mwenye saikosisi, hali ya akili kupoteza mguso na uhalisia. Hatujafika Segera, binamu akaninong'oneza kwamba redio ya basi inamsema yeye. Redio ilikuwa ikitangaza bei ya mahindi. Nilipomwambia hivyo akanitazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto asiyejua mambo. Sikubishana tena, imani ya namna ile haitikiswi na ushahidi.

Korogwe tukaacha lami, tukapanda Milima ya Usambara kwa gari la kukodi hadi hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 1904, zama za Wajerumani. Tulipita kando ya mashamba ya chai ambako baadhi ya wagonjwa hufanya kazi. Nani mgonjwa, nani mwajiriwa, sikuweza kutambua.

Shangazi alikuwa na maelezo yake tayari: ugonjwa ulianza wiki iliyopita, kijana alipovunja vioo vya jirani akisema sauti zimemwamuru. Daktari alisikiliza, kisha akaanza kurudi nyuma kwa maswali.

"Mama, usingizi alianza kukosa lini?"

Tangu Ramadhani. Kuoga je? Kabla ya hapo. Na marafiki? Shangazi akanyamaza. Karibu mwaka mzima kijana alikuwa akijifungia chumbani, akila peke yake, akiongea maneno yasiyoshikana. Nyumbani waliita uvivu, baadaye bangi, mwisho jini. Maruweruwe na imani potofu ndizo dalili zinazopiga kelele, lakini mara nyingi zile za kimya hutangulia. Kwangu mimi, hizo ndizo za kufundishwa kwanza.

Bangi daktari naye aliiulizia, pamoja na kifafa, homa kali na kuumia kichwa, maana saikosisi ina vyanzo vingi na skizofrenia ni kimoja tu. Hata mama aliyetoka kujifungua inaweza kumpata. Akaagiza vipimo vya damu, akaandika dawa ya haloperidoli, na akamwonya shangazi: shingo au taya ikikakamaa, aite muuguzi hapo hapo, ni dawa, si pepo.

"Atapona, daktari?"

Akasema wapo wanaopona kabisa, wapo wanaohitaji dawa kwa miaka, na kuchelewa tiba hupunguza nafasi ya kupona vizuri.

Basi wewe msomaji, kijana wenu akiacha kulala, akijitenga na kuanza kushuku kila mtu, mpeleke kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Usingoje avunje kitu.