Nungwi na Pumzi ya Kukodi

Kuna vitu viwili ambavyo mtu mzima hatakiwi kuazima: mswaki na pumzi. Cha kwanza nilifundishwa na mama tangu utotoni. Cha pili nilijifundisha mwenyewe, mita 14 chini ya bahari karibu na kisiwa cha Mnemba, huku mume wangu yuko juu kwenye boti anamenya chungwa, hana habari. Au ndivyo nilivyodhani.

Ngoja nianze mwanzo. Mimi na mwenzangu tuna utaratibu wetu. Kila mwaka, joto la Dar likishatuchosha na kazi zikishatufika kooni, tunavuka kwenda Unguja. Saa mbili hivi za boti, kisha gari kutoka mjini kuelekea kaskazini, tunaipita Mahonda, minazi na migomba inatupungia, mpaka lami inapoishia Nungwi. Wengi wenu mnaijua Nungwi ya kwenye picha: mchanga mweupe, jua linazama, wapenzi wameshikana mikono. Ipo, na ni tamu kweli. Ila mimi naipenda zaidi Nungwi ya asubuhi, kule ufukweni kwa mafundi wa majahazi. Mbao zinanukia, nyundo zinagonga, mzee amechuchumaa anatia kalafati kwenye ubavu wa chombo, pamba na mafuta, taratibu kama anayemlisha mtoto.

Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimemaliza kozi ya kwanza ya kupiga mbizi, ile inayokuruhusu kushuka hadi mita 18. Mume wangu hapana. Yeye ni mtu wa bara, bahari anaiheshimu kwa mbali. Kazi yake ni kukaa kwenye boti na kushika simu zangu.

Siku yenyewe nilikodi vifaa kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Regulata niliyopewa ilikuwa imechoka, kile kipande cha mpira unachokiuma kwa meno kimechanika pembeni. Nikaona aibu kuuliza. Si unajua sisi wanawake, hatutaki kuonekana tunasumbua! Nikaruka. Mita za kwanza poa kabisa: kasa anakata majani, kundi la kolekole linametameta. Mita 14, kila nikivuta hewa navuta na maji ya chumvi. Nikachukua ile ya akiba. Nayo ikafunguka moja kwa moja, hewa inamwagika kama bomba lililopasuka, sindano ya geji inashuka naiona.

Mwalimu wangu, kijana wa hapohapo Nungwi, alikuwa karibu. Akanipa regulata yake ya akiba, akanishika mkono, akanitazama machoni mpaka nikatulia. Tukapanda polepole, tukasimama dakika tatu kwenye mita 5 kama inavyotakiwa, tukatoka. Kwenye boti nikacheka kwa sauti, nikasema maji yalikuwa mazuri. Mume wangu hakucheka.

Usiku, chakula kikiwa kimepoa mezani, ndipo akasema: “Unajua mimi kule juu nafanya nini? Nahesabu mapovu yako. Leo yalikuja mengi mno kwa mara moja, nikajua kuna kitu. Halafu umetoka unanidanganya.”

Nilikosa la kusema. Miaka yote nilidhani anaboreka kule juu.

Akaendelea: “Chagua. Ama ununue chako, ama uache. Mimi sitakupoteza kwa sababu ya mpira uliochanika.” Na mjue, pesa tuliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa ya bati za nyumba yetu ya Kigamboni.

Kwa asiyejua, regulata ni kile kifaa kinachokaa kati ya mtungi wa hewa na mdomo wako. Mtungi ukijazwa una mgandamizo wa kama bar 200. Ukiivuta hewa hiyo moja kwa moja, mapafu yamekwisha. Kwa hiyo kuna hatua mbili. Ya kwanza inafungwa kwenye mtungi, inapunguza nguvu mpaka kama bar 10 juu ya mgandamizo wa maji yaliyokuzunguka. Ya pili iko mdomoni, inakupa hewa pale tu unapovuta, kwa nguvu inayolingana na kina ulichopo. Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan, ndio walioiunda Aqua-Lung mwaka 1943. Gagnan alianza na kifaa cha kurekebisha gesi ya kuendeshea magari, maana wakati wa vita petroli ilikuwa adimu. Yaani kitu kilichotungwa kwa ajili ya injini ndicho kinachotupumulisha.

Kesho yake nilimfuata mwalimu na daftari. Nilitarajia anitajie brandi. Akaniuliza, “Dada, gari yako aina gani?” Nikamwambia Toyota. “Kwa nini Toyota?” Kwa sababu spea ziko kila kona na kila fundi anaijua. “Basi umeshajibu. Kwanza tafuta fundi, halafu ndo utafute regulata.”

Akanieleza kwamba chombo hiki kinahitaji sevisi ya fundi aliyefunzwa kwa aina hiyo, kwa kawaida kila mwaka au kadiri kitabu cha mtengenezaji kinavyosema. Anakifungua chote, anabadilisha oringi, vile vipete vya mpira vinavyozuia hewa kuvuja. Ukinunua aina ambayo huku hakuna mwenye spea zake, umenunua pambo la kabati. Nikazunguka vituo vitatu kuuliza fundi wao anatengeneza aina gani. Majina mawili yakajirudia, nikayaandika.

Miezi minne baadaye mume wangu akapata safari ya kikazi Dubai, nikaomba likizo nikaongozana naye. Muuzaji akatutolea iliyo ghali kuliko zote, akaisifia kwamba haigandi hata kwenye maji ya barafu. Tukatazamana tukacheka. Bahari yetu mara nyingi ni kati ya nyuzi joto 25 na 29, barafu ya nini? Hapo tukaokoa pesa nyingi.

Swali la pili: iliyosawazishwa au ya kawaida? Ya kawaida ni rahisi na imara, ila mtungi ukikaribia kuisha unaanza kuvuta kwa nguvu kidogo. Iliyosawazishwa inabaki laini mwanzo hadi mwisho. Kwa kina cha anayeanza zote zinafaa. Nilichagua iliyosawazishwa, kwa sababu nilitaka ile nitakayokua nayo. La tatu: namna ya kufunga kwenye mtungi. Kuna inayobana kwa nje na kuna ya DIN, inayoingia kwa nyuzi kama boliti. Nikachukua ya DIN pamoja na adapta yake, ili mtungi wowote nitakaokutana nao usinishinde.

Nilipofika kwenye akiba nikataka kubana matumizi. “Hii chukua ya bei poa, si akiba tu,” nikasema. Mume wangu, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza muuzaji, “Hii ya akiba anaitumia nani?” Akajibiwa: mara nyingi siyo mwenye nayo, ni mwenzake aliyepungukiwa hewa.

Akanigeukia. “Kwa hiyo siku ile ulipona kwa sababu mtu mwingine hakubana matumizi.”

Nikanunua akiba nzuri, ya rangi ya njano, ionekane haraka. Muuzaji akaifunga seti yote kwenye mtungi ili tuijaribu. Nikavuta. Kisha mume wangu akaiomba, akaitia mdomoni, katikati ya duka, na suti yake. Akavuta pumzi moja, ya pili, ya tatu. Akaitoa. “Kumbe inasikika hivi,” akasema. Ilitugharimu karibu mshahara wangu wa mwezi na nusu. Bati zikasubiri hadi masika yapite, na hakuna aliyelalamika.

Leo nikitoka majini naiosha mimi mwenyewe. Kwanza nakausha na kufunga kifuniko cha hatua ya kwanza, maji yasiingie. Naloweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, bila kubonyeza kile kitufe cha mbele, kisha naianika kivulini. Dakika chache tu.

Na mume wangu? Bado hapigi mbizi. Ila kwenye boti, kabla sijaruka, ananisimamisha mbele ya watalii wote: “Mtungi umefunguliwa? Vuta nikuone.” Navuta mara nne huku yeye anaikazia macho geji. Sindano ikicheza maana yake mtungi haujafunguka sawasawa. Ikitulia, ananipiga begani. Wenzangu wananitania, mimi nanyamaza. Najua kwamba kwa dakika 40 zinazofuata kuna mtu anahesabu mapovu.

Kwa hiyo wewe na mwenzako mkipanga Nungwi, nendeni. Kaleni pweza, wasalimieni kasa wa Mnarani, shukeni majini mkipenda. Kama vifaa ni vya kukodi, viangalie kabla ya kuruka, mpira wa mdomoni na ile ya akiba pia, na ukiona kasoro sema bila aibu. Na ukitoka majini umeogopa, mwambie aliyekusubiri juu. Anajua tayari.